Gawa kwa Sita, Toa Ukucha

Mimi nilizaliwa tarehe iliyowahi kufutwa, na hapo sijatia chumvi. Mwaka 1582 kalenda ilikuwa imepishana na jua kwa siku kumi, wakubwa wa wakati ule wakaamua kuzikata, na katika nchi kadhaa watu walilala tarehe nne Oktoba wakaamka tarehe kumi na tano. Tarehe tano, siku yangu, haikuwepo kabisa mwaka ule. Kila mwaka naiandika habari hiyo katika kisanduku cha tarehe tano Oktoba, na kila mwaka najiona nimeponea chupuchupu.

Kuandika visanduku ndiyo kazi yangu. Napanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Mimi niko chumba cha juu, mashine ziko chini, kwa hiyo meza yangu hutetemeka kuanzia asubuhi mpaka wanapozima. Tunachapa kadi za mialiko, madaftari na vibandiko vya chupa, lakini fahari yetu ni Kalenda ya Hesabu na Sayansi, ambayo chama cha walimu wa hesabu hutuagiza nakala elfu tatu kila mwaka. Sharti lao ni moja: kila siku iwe na kumbukumbu yake. Kisanduku kitupu hawataki kukiona.

Naipenda kazi hii kupita kiasi. Nikifika tarehe kumi na sita Oktoba hucheka peke yangu, kwa sababu siku hiyo mwaka 1843 bwana mmoja aitwaye Hamilton alikuwa akitembea na mkewe, fomula aliyoisaka miaka mingi ikamjia ghafla, akatoa kisu akaichonga kwenye daraja. Newton nampa visanduku viwili, maana kwa kalenda ya kwao wakati ule alizaliwa Desemba 25, na kwa kalenda tunayoitumia sasa alizaliwa Januari 4. Mama yangu nilipomweleza hilo aliacha kushona.

"Alizaliwa mara mbili?"

"Mara moja, mama. Tarehe ndizo mbili."

"Mamake yule alipata taabu," akasema, akaendelea na pindo lake.

Bosi wetu tunamwita Mzee Pambizo. Anatembea na rula mfukoni, na pambizo ya ukurasa ikizidi upande mmoja hata kwa unywele, anaugua. Tumbo lake mwenyewe lilishavuka pambizo zote siku nyingi, ila hilo hakuna anayelipima. Ni mtu mzuri, lakini ana sheria ambayo ameichapa na kuibandika mlangoni kwangu, kwa herufi kubwa, pambizo sawasawa: kosa la kwanza ni bahati mbaya, la pili ni uzembe, la tatu unakusanya vitu vyako.

Mimi nilikuwa nimeshakula mawili. La kwanza, niliipa Juni siku thelathini na moja. Lilionekana wakati rundo zima la karatasi limeshachapwa, na Mzee Pambizo akakataa kulitupa. Alilihifadhi stoo, nadhani ili aende kulitazama akikosa la kusikitikia. La pili, niliandika kwamba watu walitua mwezini tarehe ishirini Juni, yaani mwezi mzima kabla hawajatua. Juni na mimi hatuivi chungu kimoja. Basi nikaanza kalenda iliyofuata nikiwa na nafasi moja tu, na nikaapa kwamba mwaka huo sitakosea hata nukta.

Sasa nieleze lilivyotokea, maana nilikuwa makini kweli. Kisanduku cha Agosti saba kilinishinda. Sisemi kwamba hakuna mtu aliyewahi kugundua kitu siku ile. Nasema mimi sikumpata, na nilitafuta siku tatu. Lakini ukiacha kisanduku kitupu, mistari ya jirani hupanda na kushuka na ukurasa mzima unapinda. Kwa hiyo huwa naweka sentensi ya kushikia nafasi, naiandika kwa rangi nyekundu, na nyekundu kwetu maana yake ni "bado". Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kwa mama kujaribu sketi, na maneno yake yalikuwa yananizunguka kichwani. Nikaandika, kwa rangi nyekundu, sentensi yenye urefu uleule wa nyingine:

"Siku kama ya leo fundi wa nguo aligundua kwamba kiuno ukikigawa kwa sita, ukatoa ukucha, sketi ya duara haikosei."

Hiyo ndiyo kanuni ya mama. Ukitaka kukata sketi ya duara lazima utoboe tundu la kiuno katikati ya kitambaa, na kabla ya kutoboa lazima ujue uzi wa kuchorea duara uwe na urefu gani. Mama anapima kiuno, anagawa kwa sita, anatoa ukucha wa kidole cha mwisho, basi. Nimemsikia akiisema tangu nikiwa nalala chini ya meza yake ya kukatia.

Nilikusudia kurudi kuibadilisha. Ila mwaka huo chama kilikuwa kimeomba jambo jipya: Jumapili zote ziwe nyekundu. Na Agosti saba ilikuwa Jumapili. Sentensi yangu ikakaa pale na wekundu wake, katikati ya Jumapili wenzake, imetulia kama mgeni aliyekwisha kupewa chai. Mzee Pambizo alipita na rula, akaona kila kitu kimenyooka, akatia saini. Nakala elfu tatu zikaenda.

Niligundua mwenyewe mwezi wa Machi, nikiwa nakunywa chai mbele ya kalenda ya ukutani. Chai ilinipalia. Nikajiambia hakuna anayesoma Agosti mwezi wa Machi, na Agosti ikifika kila mtu atakuwa amezoea. Ndivyo mtu anavyojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Mwanzoni mwa Julai, Mwenyekiti wa chama cha walimu wa hesabu akapanda ngazi zetu. Ni mama mfupi, mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi hata siku za likizo, na siku hiyo alikuwa ameikunja kalenda kwapani. Mzee Pambizo akamfuata nyuma akihema. Mwenyekiti akaifungua juu ya meza yangu inayotetemeka, akaweka kidole juu ya Agosti saba.

"Huyu fundi ni nani?"

Nilifungua mdomo kukiri. Naapa nilifungua kwa ajili hiyo.

"Maana tumegombana wiki mbili," akaendelea, na macho yake yaling'aa vibaya sana. "Nusu ya walimu wanasema ni upuuzi, duara halina sita. Nusu nyingine wamekata magazeti mpaka nyumba zao hazina cha kusoma. Mimi nimejaribu kwenye ndoo, sufuria na shina la mti. Inakubali. Kwa hiyo tumeamua mkutano wetu mkuu ufanyike siku yenyewe, Jumapili ya Agosti saba, kuadhimisha. Tunamtaka yeye, au mjukuu wake, au kitabu kilichomtaja."

"Na kama hapatikani?" Mzee Pambizo akauliza polepole, akinitazama mimi.

"Kama mmeibuni, tutarudisha kalenda zote, na ya mwakani tutachapisha kwingine. Siwezi kuwapa walimu wa hesabu kitu kisicho na chanzo."

Mzee Pambizo alitazama karatasi iliyobandikwa mlangoni, kisha akanitazama tena. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Chanzo kipo. Ni mama yangu."

"Yuko hai?" Mwenyekiti akashika mkono wangu kwa mikono miwili.

"Yuko hai, anashona."

"Na ilikuwa Agosti saba ya mwaka gani?"

"Hilo," nikasema, "bora aulizwe mwenyewe."

Hapo sikuwa nimesema uongo hata mmoja, na bado niliteremka ngazi mbio kwenda kwa mama. Fundi alikuwa wa kweli. Kanuni ilikuwa ya kweli. Tarehe ndiyo niliyoitoa mfukoni, na kalenda ni tarehe, mengine yote ni mapambo.

Mama ana chumba kimoja cha kushonea, kimeungana na jiko. Ukutani kumening'inia mikono ya mashati isiyo na mashati, na juu ya cherehani kuna kopo la vifungo ambalo haruhusu mtu kulichokora. Nilimkuta na pini mdomoni. Nikamwamkia, akaitikia bila kuzitoa, nami nikamweleza yote, tangu Jumapili nyekundu mpaka walimu mia mbili watakaomsubiri ukumbini.

Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Umeniandika kwenye kalenda pamoja na yule aliyechonga daraja?"

"Ndiyo, mama."

"Bila kuniuliza."

"Ilikuwa ya kushikia nafasi tu."

"Ya kushikia nafasi," akarudia, na nikajua nimeharibu. Akatia uzi kwenye sindano. "Mimi hesabu zilinishinda darasa la nne, unajua hilo. Mwalimu aliniambia kichwa changu ni cha kubebea maji. Sasa unataka nikasimame mbele ya walimu mia mbili, wa hesabu hiyohiyo."

"Nitafukuzwa kazi, mama."

"Ndiyo maana nitakwenda." Akakata uzi kwa meno. "Nivae nini?"

Nilimkumbatia na pini zake zikanichoma, sikujali. Kisha nikaja kwenye sehemu niliyokuwa naiogopa. Nikamwambia kwamba wakimuuliza tarehe, ajibu kwamba imepita miaka mingi na hakumbuki.

"Nakumbuka vizuri sana," akasema mama.

"Unakumbuka tarehe?"

"Na siku, na saa, na mvua iliyokuwa inanyesha."

"Lini?"

"Si wataniuliza? Watajibiwa. Na wewe utakuwepo, utasikia kama watu wengine." Akaanza kukanyaga cherehani, na mama akikanyaga cherehani hata kengele ya moto haimsimamishi.

Nilijaribu tena kesho yake, na keshokutwa, na wiki nzima. Nilimletea matunda, nikamfagilia chumba, nikampangia vifungo kwa rangi nje ya lile kopo. Hakusema. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilibaki na siku kama ishirini na tano.

Agosti saba ikafika. Ukumbi ulikuwa wa shule, wenye ubao mpana na viti vya plastiki, na walimu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Walikuwa wamechora duara kubwa ubaoni na kulipamba kwa maua. Nimewahi kwenda kwenye harusi zilizokuwa na furaha kidogo kuliko ile. Mwalimu mmoja alikuwa amevaa shati lenye tarakimu za pai kuanzia kola, zikazunguka kifua, zikaingia ndani ya suruali, na alikuwa anamweleza kila mtu kwamba zinaendelea.

Mama alivaa gauni la kijani na viatu vya kuazima. Mkononi alishika mkasi wake mkubwa, kipande cha chaki na lile kopo la vifungo. Mwenyekiti akamwamkia kwa kuinama, ukumbi mzima ukasimama, na mama yangu, ambaye hata mshindi wa bahati nasibu akitangazwa yeye huangalia mshono wa koti lake, alitikisa kichwa kidogo kama aliyezoea.

"Nahitaji karatasi kubwa," akasema. "Na mtu mwenye kiuno."

Karatasi Mzee Pambizo alikuwa ameleta mwenyewe kutoka stoo. Zilipokunjuliwa nilitaka kujificha chini ya kiti, kwa sababu zilikuwa zile za Juni ya siku thelathini na moja, zimeunganishwa kwa gundi nne nne. Alisema hakutaka kupoteza karatasi nzima kwa mchezo. Kuhusu kiuno, mama alipitisha macho ukumbini kama mtu anayechagua nyanya, akasimama kwa Mzee Pambizo.

"Baba, wewe njoo."

"Mimi?"

"Kiuno kidogo kila mtu anakiweza. Walimu wanataka ushahidi."

Akapanda jukwaani na rula yake mfukoni. Mama akafungua kopo, akachokora chini kabisa ya vifungo, akatoa kipande cha kamba nyembamba iliyofifia rangi, akakitazama, akakirudisha, akatoa kingine kipya. Alimzungusha bosi wangu kamba mbele ya watu mia mbili, akaweka fundo pale ncha zilipokutana, akaikunja mara tatu, kisha mara mbili.

"Hii ni sita," akasema. "Lakini sita ni ya watu wenye haraka. Ukikata kwa sita tundu linakuwa kubwa, sketi inadondoka, unaaibika. Kwa hiyo unatoa ukucha. Mtoto, nusu ukucha wa kidole cha mwisho. Mwanamke wa kawaida, ukucha mzima. Huyu baba," akamtazama, "tutoe wa kidole cha pete."

Walimu walikuwa wanaandika. Nakuambia walikuwa wanaandika, vichwa chini, kama wanafunzi wa mtihani. Mama akashikilia ncha ya kamba katikati ya karatasi, akazungusha chaki, akakata tundu, akachora duara la nje, akalikata, kisha akapasua kutoka pembeni mpaka tunduni. Halafu akamvisha. Kingo mbili za mpasuko zilikuja zikizunguka kiuno cha Mzee Pambizo, moja kulia na moja kushoto, zikakutana juu ya kitovu chake bila kupishana na bila kuacha nafasi.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda juu ya viti vya plastiki. Mwalimu wa shati la pai alikuwa analia waziwazi. Mwenyekiti alikimbilia ubaoni akaandika kwamba mzingo ni nusukipenyo mara mbili ya pai, yaani mara sita nukta mbili nane, na akazungushia ile nukta mbili nane mara tatu mpaka chaki ikavunjika.

"Huu ndio ukucha," akasema akihema. "Jamani, huu ndio ukucha. Na anaupanua kiuno kikipanuka. Mama, nani alikufundisha?"

"Kitambaa," akasema mama. "Ukikiharibu hakirudi."

Mzee Pambizo alikuwa bado amesimama na sketi yake. Alijaribu kugeuka kidogo, sketi ikageuka naye vizuri, na niliona kwamba ameipenda. Mimi nilikuwa nacheka na kupiga makofi, nimeshasahau kabisa kwa nini nilikuwa na hofu, ndipo Mwenyekiti akachukua chaki nyingine.

"Sasa tuandike rasmi. Tarehe saba Agosti, mwaka gani, mama?"

"Agosti?" Mama akashangaa kwa sauti. "Nani kasema Agosti?"

Mwenyekiti alimtazama mama, mama akanitazama mimi, na Mzee Pambizo akanigeukia na karatasi ikichakacha.

Nilisimama. Nilimwona mama pale na mkasi wake, amesema kweli yote aliyonayo, na sikuweza kumwacha aonekane ndiye aliyekosea. Nikawaambia. Kanuni ni yake, nikasema, lakini tarehe niliibuni mimi, kwa sababu kisanduku kilikuwa kitupu, na nyekundu yangu ikachanganyika na Jumapili. Kosa si la mama, wala si la kiwanda. Nikasema samahani, nikakaa, nikaanza kuhesabu kichwani vitu vyangu pale mezani: kikombe, sweta, kamusi.

Mwenyekiti aliweka chaki chini. "Kwa hiyo leo hakuna tunachoadhimisha."

"Mnaadhimisha mapema tu," akasema mama. "Ilikuwa Oktoba nne."

Akavuta kiti, akakaa, akaweka kopo mapajani. Kamba ile iliyofifia akaitoa tena.

"Wifi yangu alikuwa anaolewa Jumamosi. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi tisa, na kitambaa kimoja tu, kizuri, ambacho sikutaka mtu mwingine akiguse. Tepu yangu ilikuwa kuukuu, namba zimefutika zote. Nikajipima kwa kamba hii, nikatia fundo. Nikakata kwanza karatasi, kwa sita, ikadondoka mpaka miguuni. Nikakata ya pili, ya tatu. Mvua inanyesha, karatasi zimejaa chumba kizima. Ya nne nikatoa ukucha, ikashika. Ilikuwa saa kumi jioni. Nikakata kitambaa bila kutetemeka, nikashona gauni, nikalivaa nijione, na uchungu ukaanza. Nilikwenda hospitali nikiwa nimelivaa. Kesho yake nikazaa." Akaninyooshea mkasi. "Yule pale. Harusi ilinipita, lakini wodi nzima hakuna aliyependeza kama mimi."

Sikuwahi kusikia habari hiyo maishani mwangu. Miaka yote naandika kwamba tarehe yangu iliwahi kufutwa, kumbe ya jana yake ndiyo iliyokuwa na mambo.

Mwenyekiti alirudi ubaoni taratibu. Akafuta Agosti saba, akaandika Oktoba nne.

"Newton tunamwadhimisha kwa tarehe mbili," akawaambia walimu. "Hatutashindwa na fundi. Nani anataka kurudisha kalenda yake?"

Hakuna aliyeinua mkono. Mwalimu wa shati la pai aliikumbatia yake kifuani kabisa.

Lakini bado palikuwa na Mzee Pambizo, na yeye ndiye mwenye mlango uliobandikwa ile karatasi. Alishuka jukwaani hatua kwa hatua, sketi ikimtangulia, akaja mpaka mbele yangu. Usawa wa tumbo lake, kwa herufi zangu mwenyewe, ilisomeka Juni 31.

"Hili ni la tatu," akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Nami nililitilia saini." Akatoa rula, akapima pale kingo za karatasi zilipokutana, akairudisha mfukoni. "Na la kwanza sasa nimelivaa mbele za watu, kwa hiyo siwezi tena kusema ni lako peke yako. Ukitoa hilo, una mawili. Jumatatu uwahi."

Wiki iliyofuata nilianza kalenda ya mwaka mpya, na mama akaja kazini kwangu kwa mara ya kwanza, eti kukagua. Alikaa kando ya meza, akashika kikombe chake kisimwagike kwa mtetemo, tukafungua Oktoba. Kisanduku cha tarehe nne kilikuwa kimejaa pomoni.

"Nani huyu kakaa hapa?"

"Ni setilaiti ya kwanza kurushwa angani, mama. Mwaka 1957. Tufe la chuma, dogo tu, lina antena nne."

"Lilifanya nini la maana?"

"Lilizunguka dunia."

"Basi ni la ukoo wetu," akasema mama. "Lisogeze kidogo."

Nilicheka mpaka fundi wa mashine akagonga dari kutoka chini kuuliza kuna nini. Nilipofuta machozi nilimwona mama amesimama, anafungua kopo la vifungo. Alitoa ile kamba ya zamani, yenye fundo lilelile, akajizungushia kiunoni juu ya gauni. Miaka imempunguza. Kamba ilimzunguka, ncha ikafika, kisha ikapita, ikabaki imening'inia mbele kwa urefu wa mkono mzima.

"Kila mwaka ikifika tarehe nne huwa najipima," akasema. Aliishika ile sehemu iliyozidi, akaiweka kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake. "Hapa ndipo ulipokuwa."

Nilikaa hivyo nimeishika mpaka mama aliposema chai inapoa. Kisha nikarudi kwenye kompyuta, nikalisogeza lile tufe.